Picha za mwanzo ziko wapi?

"Mama, picha za mwanzo ziko wapi?" Daktari wa radiolojia alimuuliza shangazi yangu swali hilo kabla hata hajaketi vizuri. Shangazi akanitazama, nami nikaitazama bahasha ya kaki niliyokuwa nimeipakata tangu tupande matatu pale Ahero, karibu na Kisumu. Ndani mlikuwa na sidii moja, ripoti ya kurasa mbili yenye wino uliofifia, na risiti. Sidii ilikuwa na ufa. Hata isingekuwa na ufa, kompyuta ya pale haikuwa na mahali pa kuitia.

Ilikuwa mwaka mmoja na nusu tangu amalize matibabu ya saratani ya mlango wa kizazi: mionzi ya nje, dawa ya cisplatin kila wiki, kisha ile mionzi ya ndani ambayo mpaka leo hataki kuisimulia. Mgongo ulikuwa umeanza kumuuma. MRI mpya, ile skani ya sumaku, ilionyesha kitu upande wa kushoto, kando ya mlango wa kizazi. Kovu la mionzi, au ugonjwa umerudi? Nyama iliyopigwa mionzi hukakamaa, na ukiwa na picha moja tu unaweza kuichanganya na uvimbe. Ukiwa nazo mbili unaziweka sambamba. Kama kitu kile kilikuwepo tangu zamani na hakijakua, unapata pumzi. Sisi tulikuwa na moja.

Kwa hiyo kila nikisoma habari za skani zinazotabiri ni mwanamke gani atarudiwa na saratani hii, ile bahasha hunijia. Siibezi sayansi yenyewe. Mwaka 2007 madaktari wa St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 92 waliopigwa PET, skani inayoonyesha mahali seli zinapotumia sukari kwa wingi, takriban miezi mitatu baada ya matibabu. Kati ya wale ambao skani haikuonyesha tena dalili ya ugonjwa, asilimia 78 walifika miaka mitatu bila saratani kuendelea. Waliobakiwa na kiasi walikuwa asilimia 33. Wale ambao ugonjwa ulikuwa umesonga mbele, hakuna hata mmoja. Yaani mwezi wa tatu tu, picha imeshasema mengi. Siku hizi kuna na programu za akili bandia zinazopima ndani ya MRI vitu ambavyo jicho halivioni: uvimbe una mabaka kiasi gani, maji yanapenyaje kati ya seli, kingo zake zikoje. Kwa kuwa saratani hii ikirudi mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza, kumjua mapema wa kufuatiliwa kwa karibu si jambo dogo.

Lakini programu hizo zimefunzwa kwa picha za wanawake waliopigwa skani kwa ratiba, kabla ya tiba na baada yake, na picha zote zikatunzwa. Shangazi aliandikiwa skani ya mwezi wa tatu. Siku tuliyokwenda, mashine ilikuwa mbovu. Tuliporudi, kadi ya bima ikagoma. Mara ya tatu akasema yeye hana maumivu, nauli hiyo afadhali anunue mbegu, na msimu wa mvua ulikuwa umefika. Ningembishia vipi? Hakuna programu inayoweza kusoma picha ambayo haikupigwa.

PET ndiyo usiseme. Kwa mtu wa Ahero ni safari ya Nairobi, na si suala la mashine tu. Ile sukari yenye mionzi anayodungwa mgonjwa hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya dakika 110. Ipakie kwenye basi la Kisumu uone itafika na nini.

Kuna jambo jingine ambalo huku Nyanza, ambako VVU vimeenea sana, hatuwezi kulipuuza. Mwanamke anayeishi na VVU yuko katika hatari ya kupata saratani hii mara sita hivi kuliko asiye navyo, kwa hiyo wengi kwenye foleni za kliniki zetu wana yote mawili. Tezi zao za limfu zinaweza kuwaka kwenye PET kwa sababu ya virusi, au ya kifua kikuu, bila saratani kuwamo. Programu iliyojifunzia mahali ambapo kifua kikuu ni nadra itaiona tezi hiyo na kumhukumu mama wa watu. Wanaotaka kutuletea programu hizi waanze kuzifunza kwa picha za wanawake wa huku. Hapo tunarudi palepale: picha ziko wapi?

Mimi naona skani ya mwezi wa tatu ihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, kama ilivyo mionzi, isiwe karatasi anayopewa mgonjwa akajitafutie. Na picha zikae kwenye seva, hospitali ya Kisumu iweze kufungua iliyopigwa Eldoret au Nakuru. Mambo ya mgonjwa kuzunguka na ushahidi wa ugonjwa wake kwenye bahasha, mwaka huu, yanatia aibu.

Shangazi ilibidi afanyiwe biopsi, akakatwa kinyama kikapelekwa maabara. Majibu yalichukua wiki tatu. Katika wiki hizo aliwaita wanawe kutoka Mombasa, akaonyesha mpaka wa shamba, akagawa mbuzi wake wawili kwa majirani wawili waliokuwa wakimchotea maji.

Lilikuwa kovu.

MRI ile nimeinakili kwenye flashi mbili, moja kwangu, nyingine iko kwenye kopo la chai pamoja na hati ya shamba. Mbuzi mmoja amerudishwa. Wa pili, jirani anasema alipewa, hakuazimwa.