Kiangazi Ndicho Msimu wa Mwenye Bustani

Mvua zikinyesha, kila mtu ana bustani. Hata asiyewahi kushika jembe atachomeka kijiti cha mrehani kando ya ukuta na kitashika. Kwa hiyo picha za bustani zilizostawi msimu wa mvua hazinibabaishi. Nionyeshe ya kiangazi, hapo tutazungumza.

Wengi hukichukulia kiangazi kuwa muda wa kungoja. Mimi naona ndicho msimu mtamu kuliko yote. Wakati wa mvua utafurahia saa ngapi? Magugu yanaota usiku na mchana, konokono wamevamia miche, nyanya zimeshikwa na ukungu kwa kuwa majani hayakauki. Ni kukimbizana tu. Jua likishika, kasi hupungua, nawe unaweza kupita taratibu ukiangalia mmea mmoja mmoja.

Huko kuangalia ndiko kutunza kwenyewe. Geuza jani la kunde au bamia: vidukari hupenda kujificha upande wa chini, wakifyonza utomvu. Wakiwa wachache, vidole vinatosha. Na kabla hujakimbilia dawa, tazama kama wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa meusi wameshafika. Wao na watoto wao huwala vidukari bila kuchoka. Ukipuliza dawa, unawaua wasaidizi wako.

Kwenye maji nina ubishi. Kumwagilia kidogo kidogo kila jioni hulowesha udongo wa juu tu, na mizizi hubaki huko huko juu, jua linapochoma. Heri umwagilie kwa wingi, mara chache, asubuhi, maji yazame na mizizi iyafuate. (Miche michanga siihesabu hapa, hiyo inahitaji maji mara kwa mara.) Kisha weka matandazo ya nyasi kavu au majani, unene wa sentimita 5 hadi 8, lakini yasiguse shina, maana unyevu ukiling'ang'ania huoza. Yafunue saa nane mchana, jua likiwa kali, uguse udongo wa chini. Ukilinganisha na ule ulioachwa wazi, hutahitaji kushawishiwa na mtu.

Majani makavu ya msimu huu ni mali, sielewi wanaoyachoma. Yachanganye na maganda ya jikoni na magugu mabichi yasiyo na mbegu, makavu yazidi kidogo, lundo liwe la mita 1 hivi kila upande. Lilowanishe na uligeuze. Likienda vizuri, joto la ndani hupita nyuzi 55, na mboji huwahi mvua.

Nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja na huambukizana magonjwa, basi usiurudishe ukoo huo palepale kila msimu. Panda hapo kunde au maharage, ambayo mizizi yake hufuga bakteria wanaonasa nitrojeni ya hewani.

Na kama eneo ni kubwa kuliko maji uliyonayo, lipunguze bila aibu. Vitanda viwili vinatosha kabisa. Karibu na mwisho wa kiangazi sia mbegu kitaluni, na siku kadhaa kabla ya kupandikiza uizoeshe miche jua, leo kwa muda wa saa moja, kesho kwa muda wa saa mbili. Mvua ya kwanza ikilowesha vizuri, pandikiza jioni hiyohiyo.