Wati 12,000 na Bado Sisikii Wanachosema

Aliyeamua kwamba runinga ziwe nyembamba hakujiuliza spika zitakaa wapi. Ile ya zamani ilikuwa na kichogo, ukitaka kuihamisha unaita mashemeji, lakini msomaji wa habari akisema "hamjambo", mpaka aliyeko jikoni anaitika. Hii ya sasa, inchi 43, imetundikwa ukutani, vispika vyake vimefichwa kwa chini na kwa nyuma. Vinauhutubia ukuta. Sisi tuliotoa hela tumekaa mbele tunaambulia mwangwi.

Na filamu zenyewe nazo zimezidi. Mume na mke wananong'onezana jambo zito, unaongeza sauti mpaka 40, unasogea ukingoni mwa kochi, unadaka "...kwa hiyo huyu mtoto si wa..." Papo hapo gari linalipuka. Mtoto mdogo anaanza kulia, mama Neema anatoka chumbani kajifunga kanga: "Baba Neema, ni vita gani hivi usiku?" Unapunguza. Wananong'ona tena. Unaongeza. Dereva wa daladala ya Buhongwa hashiki gia kama ninavyoshika rimoti, na mpaka filamu inaisha sijajua yule mtoto ni wa nani.

Kwa hiyo shida yangu ni ndogo, naomba mnielewe: nataka kusikia maneno. Sina mpango wa kuitetemesha Mabatini. Nimejibana, nimepata shilingi 350,000. Sebule ni mita 3 kwa 4, na haitaongezeka, maana nyuma ya ukuta kuna jiwe. Wakazi wa milimani Mwanza mnajua: ramani ya nyumba unachora wewe, anayeipitisha ni jiwe. Nataka kahom theata kadogo ka kukaa humo humo. Mji mzima umekataa kunielewa.

Ukiteremka mjini upande wa Makoroboi, vijana wanakupokea kwa mikono miwili. "Karibu ngosha! Unataka mzigo mnene?" Hujajibu, kashaweka singeli, kioo cha duka kinacheza, na mama aliyekuwa anapita na ndoo ya dagaa kichwani amesimama kwanza aishike vizuri. Namwambia kijana kwa ishara, zima kwanza tuongee. Anasoma midomo vibaya, anaongeza.

Alipozima nikaona boksi. Kwa mbele limeandikwa kwa herufi za kuwaka: PMPO 12,000W. Mimi si mhandisi, lakini hesabu za dukani nazijua. Wati 12,000 ni uniti 12 za umeme kwa saa. Filamu ya saa 2 ni uniti 24. Halafu plagi yake ina vimiguu viwili vyembamba. Soketi zetu hizi ni ampea 13 kwa volti 230, yaani ukiikamua yote hupati hata wati 3,000. Hizo 9,000 nyingine zinatoka wapi, ziwani?

Nikaligeuza dude lenyewe. Kwa nyuma, chini, pembeni ya skrubu, kuna kibandiko cha kusomwa na wenye macho ya ujana: 220–240V, 50Hz, 65W. Sitini na tano! Balbu ya zamani ilikuwa inakaribia hapo na haikujitangaza kwa mtu. Kumbe hiyo PMPO ni namba ya kufumba na kufumbua, wanachukua kilele ambacho amplifaya haiwezi kukishikilia, wanajumlisha spika zote, wanaongeza na imani. Hakuna kipimo kinachokubalika cha kuipata, kila kiwanda na roho yake. Namba ya kuuliza ni RMS, ile ambayo mashine inaibeba muda wote bila kukoroma.

Nikamuuliza, "RMS yake ngapi?"

"Hiyo ipo bosi, utaikuta ndani ya boksi."

Sikukasirika. Nikamwambia sawa, mimi hasa ninachotafuta ni spika ya katikati. Maana kwenye mfumo wanaouita 5.1, zile 5 ni spika: mbili za mbele, mbili za nyuma, na moja ya katikati inayokaa chini ya runinga, hiyo nukta moja ndiyo sabufa, spika ya besi. Na karibu maneno yote ya waigizaji yanapitia ile ya katikati. Mimi ndiyo mteja wake halali. Kijana akafurahi, "Hii hapa bosi, tano kamili, zimekuzunguka!" Zimenizunguka kweli. Nikaangalia kwa nyuma tena (nawashauri mtazame nyuma ya kila kitu mnachouziwa): tundu moja jekundu, moja jeupe. Basi. Waya wa kushoto na waya wa kulia.

"Kijana, hapa zinaingia sauti mbili. Spika ni tano. Hizi tatu zinapata wapi za kwao?"

Akafikiri kidogo. "Zinagawana, bosi."

Na ni kweli zinagawana! Zile sauti mbili zinachanganywa, ya katikati inapewa mchanganyiko, za nyuma zinarudia ya mbele. Unazungukwa na kitu kile kile mara tano, kwa stendi tofauti.

Nikatoka pale nikaenda kwa wa mitumba. Huyu ana risiva za Kijapani, nzito, nyeusi, zina vitufe mpaka huruma. Hizo kweli zinatenganisha sauti tano, na bei inaongeleka. Moyo ukaanza kwenda mbio. Nikageuza nyuma. Volti 100. Japani umeme wao wa nyumbani ni volti 100, wa kwetu ni 230. Ukiichomeka hivi hivi unaona moshi kabla hujaona filamu. Nikamwambia hii inataka transfoma ya kushusha umeme, na transfoma yenye ubavu wa kuibeba ni hela nyingine. Mzee mzima ananijibu, "Aa, badilisha plagi tu. Umeme ni umeme." Nikamwomba aiwashe niisikie. Akasema fundi wake kaenda Sengerema.

Kijiweni kwetu cha kahawa pale Mlango Mmoja, ukitamka neno "spika" mbele ya watu, imekwisha. Mmoja wetu, anayejua kila kitu isipokuwa deni lake la kahawa, akasema achana na spika, nunua projekta, ukuta wote unakuwa sinema. Nimeziona. Kwenye boksi wameandika "inakubali 1080p", yaani picha kali. Kukubali si kuonyesha. Hata mimi nakubali ubunge. Picha yenyewe ya ndani ni hafifu, inataka giza totoro, na joto letu hili lazima ufungue dirisha. Sasa anayeishi kando ya ziwa hili anajua msimu wa wale wadudu wanaotoka majini kwa mawingu, wakiona taa ni kwao. Muigizaji mkuu anaanza filamu mzuri, anaimaliza na ndevu.

Mwingine akaniambia cha muhimu ni wati, jaza wati. Huyu ndiye alinimaliza. Wati ukizifanya mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti), ni kupanda ngazi moja. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili, wati inabidi ziwe kama mara 10. Na spika ya desibeli 88, ambayo ni ya kawaida kabisa, inakupa hizo 88 kwa wati 1 ukiwa mita 1. Mazungumzo ya kawaida ya watu ni kama 60. Yaani kwa sebule yangu, wati 30 za kweli kila upande ni ubishoo. Nilieleza yote haya vizuri, kwa utulivu, kikombe kikapoa. Akasema, "Lakini besi je?"

Besi! Mji huu umelaaniwa na besi. Huwezi kumkuta mtu anataka sauti, wote wanataka besi. Jirani yangu wa ukuta ana sabufa ya inchi 12, na Jumamosi asubuhi masufuria yetu yanahama rafu.

Aliyenielewa ni fundi mmoja wa kule Igoma, mwenye meza imejaa matumbo ya redio. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuwasha kitu. Akasema, "Baba Neema, kwa hela hiyo usinunue tano mbovu, nunua mbili nzuri." Akanitolea amplifaya ya zamani ya sauti mbili, ya volti 230, na jozi ya spika za mbao za mtumba, omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoukinza umeme), ukizigonga kwa kidole hazilii utupu. Ameniangalizia kwanza kwamba amplifaya inaruhusu omu 8, maana omu zikiwa chache mno inavuta umeme mwingi na kuungua. Na ya katikati? Akacheka. Spika mbili zikiwa sawa, zimekaa kulia na kushoto kwa umbali ule ule, na wewe umekaa katikati yake, maneno unayasikia yanatoka katikati ya runinga ambako hakuna kitu. Ni akili yako inayaweka pale. Bure.

Nikatabasamu, nikatoa noti. Kuna kasoro moja tu ambayo fundi hakuitaja: katikati ni pa mtu mmoja. Na nyumbani kwangu pale katikati ya kochi ni kwa mama Neema tangu kochi liletwe. Mimi nakaa pembeni karibu na mlango, kwa hiyo waigizaji wote wananisemea sikio la kulia.

Nyaya nazo ni simulizi yake. Kijana wa duka alitaka kuniuzia waya mnene, mzuri, anaapa kwamba ni kopa tupu. Fundi akaukwangua kwa wembe: juu nyekundu, ndani nyeupe pe, alumini iliyopakwa. Tukachukua waya wa kawaida wa kufungia taa, milimita 1.5 ya mraba, na kwa mita 4 hautofautishi na ule wa kutambia. Runinga yangu haina lile tundu la HDMI lenye maandishi ARC, lile linalorudisha sauti nje, ina tundu la mwanga tu. Hivyo tukaongeza kidude kidogo cha kuubadilisha mwanga kuwa sauti ya waya mwekundu na mweupe. Fundi akafunga, akawasha, kimya. Akafungua, akafunga, kimya. Akaingia kwenye mipangilio akabadilisha sauti kuwa PCM, yaani isiyobanwa, maana kidude hakielewi Dolby, ile iliyobanwa. Kimya. Akatoa bisibisi, akaanza kuitazama runinga yangu kwa macho ya daktari wa upasuaji. Neema, wa darasa la 3, akauliza, "Babu, hiki kikofia cha plastiki mbona hujakivua?" Kwenye ncha ya waya wa mwanga kulikuwa na kifuniko. Fundi akasema alikuwa anakipima.

Tukawasha ile hali ya usiku kwenye runinga, inayobana milipuko na kuinua minong'ono. Jamani. Nikasikia mtu anameza mate. Nikasikia mlango unafungwa taratibu. Yule mtoto ni wa mjomba, nimejua sasa.

Siku iliyofuata narudi kazini, spika zimevalishwa vitambaa. Vile vya kufuma, vya maua, vinaning'inia mpaka kwenye kale kaspika kadogo ka juu. Juu ya ya kushoto kuna maua ya plastiki, ya kulia ina picha ya harusi. Nashukuru vimefumwa kwa matundu, sauti nyembamba inapenya. Zingekuwa velveti, s zote zingebaki Igoma. Na spika ya kulia imesogezwa nyuma ya kabati la glasi "isije ikaangushwa na wageni." Nikaeleza habari ya umbali ule ule. Nikaambiwa kabati halisogei.

Halafu mvua ikinyesha juu ya bati, wote tunarudi kusoma midomo.

Na filamu wanayotaka kuangalia watoto na mama yao ni zile zilizotafsiriwa, za kwenye flashi. Mzungu akifungua mdomo, mtafsiri wa kwetu anaingia juu yake kwa sauti moja, ni mume, ni mke, ni polisi, ni mbwa, na pakitulia anasalimia mashabiki wake. Nimetumia akiba yangu yote nisikie minong'ono, sasa namsikia mtafsiri akikohoa. Anakohoa wazi kabisa, huwezi amini.

Ila kijiweni wananisema: hom theata gani haina sabufa? Nilimuuliza fundi hilo. Akaniambia besi ya chini, kuanzia hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) kushuka, sikio haliwezi kujua inatokea upande gani, kwa hiyo sabufa unaiweka popote. Na ukuta wa tofali hauizuii. Besi ya hezi 40 wimbi lake linazidi mita 8, sebule yangu haifiki hata nusu yake. Nikasema kama ni popote, basi na kwa jirani ni popote. Tangu hapo mambo safi, isipokuwa yeye anapiga singeli na sisi tuko msibani kwenye filamu, marehemu anashushwa kaburini kwa mwendo wa kasi.

Juzi jirani mwenyewe kanisimamisha kwenye ngazi za mawe. "Nasikia umefunga mitambo, jirani. Mbona haina besi?"

"Inayo," nikamwambia, "ila yangu inatumia LUKU yako."