Chungwa Lilifika, Maji ya Bi Mkubwa Hayakufika

Jamani, najua yule jamaa yangu wa bodaboda ameshawatumia picha yangu nikiwa mferejini na maelezo yake kwamba Katibu wa Mfereji, yaani mimi, alikuwa anamkimbia kenge. Hiyo ni chai. Kenge hakuwepo. Bora hata angekuwepo, maana kumkimbia kenge kuna heshima yake.

Mnaonifahamu mnajua huku kwetu Mabwepande tunalima mchicha, matembele na bamia kwa mfereji mmoja unaochepuka Mto Mpiji, na daftari la zamu ninalo mimi. Msiicheke kazi hii. Vuli ikishapita na masika haijaingia, mto unakuwa mwembamba, wa juu anashiba na wa mwisho anaambulia tope. Ndiyo maana tuna zamu kwa saa, na tuna kanuni, mwandishi wake mimi: atakayeziba mfereji katika zamu ya mwenzake, kwa namna yoyote ile, faini shilingi 10,000. Hilo "kwa namna yoyote ile" nililiongeza usiku peke yangu, nikajiona mwanasheria. Lishikeni hilo.

Basi jana kaja dada mmoja, mtaalamu wa maji, kuangalia kama tunachota kile kilichoandikwa kwenye kibali. (Kwa msiojua: Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inasema maji ni ya umma. Ukitaka kuyachepusha umwagilie shamba, unaomba kibali bodi ya maji ya bonde lenu, na sisi wa Mpiji tumo Bonde la Wami/Ruvu. Kibali kinakutajia na kiasi. Si kwamba ukiwa na chepe basi mto wako.) Akauliza kwa upole, "Katibu, mnapimaje hapa?"

Angemuuliza mwenyekiti, leo ningekuwa na suruali.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, sisi tunatumia chungwa. Unachagua kipande cha mfereji kilichonyooka, unapima mita 10, unatupia chungwa, unahesabu sekunde. Chungwa linazama karibu lote, upepo hauliyumbishi kama kijiti au jani. Ukishapata mwendo, unazidisha na upana na kina cha maji, halafu unakata kidogo, kwenye kumi unachukua nane hivi, kwa sababu maji ya juu yanakimbia kuliko yale yanayokwaruza sakafu. Dada wa watu anaitikia kwa kichwa, anaandika. Mimi naye tena! Kichwa kikavimba.

Nikatupia chungwa, nikawasha saa ya simu, nikaanza kutembea kinyumenyume ukingoni ili nimtazame yeye huku namwelezea. Kumbukeni nilisema kipande kilichonyooka. Kipande kilichonyooka kiliisha, mimi sikuisha. Mfereji ukakata kona kushoto, mguu wangu wa nyuma ukaenda moja kwa moja, ukakuta hakuna Tanzania.

Nilishuka kwa makalio. Mfereji wetu umejengwa kwa saruji, upana wake sentimita 40, na mwenzenu tangu Idi nimekuwa na mwili. Niliingia, nikakaa, nikakaza. Simu mkono wa kulia, juu kabisa, saa inahesabu. Miguu imenyooka mbele, viatu vya kuvalia wageni vimetazama mbinguni. Suruali imesema kitu huko nyuma, nikajifanya sijasikia. Maji yakafika tumboni, yakatafuta njia, yakakosa, yakaanza kupanda kifuani taratibu bila haraka na mtu. Na kule mbele naliona chungwa linakuja. Nawaambia, sijawahi kuona tunda linalotembea polepole namna ile. Linazunguka, linasimama kidogo kwenye ukuta, linaendelea. Likafika. Likanigonga kidevuni. Tip. Likarudi nyuma, likaja tena. Tip.

"Kaka, umeumia?"

"Hapana, nakagua sakafu."

Dada akageuka akatazama migomba. Mabega yanamcheza.

Hapo ndipo sauti ikatoka bondeni, shamba la mwisho: "Nani kaniziba maji?!" Ilikuwa zamu ya Bi Mkubwa. Mnamjua. Akapanda na jembe begani akifuata mfereji mkavu, hadi ukavu ulipoishia mgongoni kwangu. Akaniangalia. Hakuuliza nimefikaje.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Kanuni inasemaje, Katibu?"

Yaliyobaki ni mafupi. Walinivuta wanne, na mmojawapo ni huyo wa bodaboda, aliyepiga picha kwanza ndipo akanishika mkono. Tukapima upya, chungwa akatupia mwenyekiti: sekunde 40, kina sentimita 15, ikatoka kama lita 12 kwa sekunde, hatujazidi kibali. Dada akaaga vizuri tu, ila alipofika barabarani nilimsikia akicheka peke yake. Bi Mkubwa akadai na dakika zake zilizopotea, nikamkatia kwenye zamu yangu.

Na faini nimelipa, acheni kuuliza. Tatizo kitabu cha risiti ninacho mimi. Bi Mkubwa akasimama pale pale, jembe begani, mpaka nikatia sahihi kote kuwili: mlipaji mimi, mpokeaji mimi. Kwenye "sababu ya malipo" nikaandika "kuziba mfereji". Akachungulia, akaniambia niongeze: "kwa namna yoyote ile."