Programu inayoingia kwenye meseji moja

Msimu wa korosho ukifika, bibi yangu kule Nanyamba haondoki karibu na mizani. Gunia likipandishwa pale chama cha msingi, anasogea mpaka karani anamwomba apishe kidogo, na macho yake hayabanduki. Kilo moja ikipungua ataijua tu. Macho hayo nimeyarithi, ila mimi napima baiti.

Jioni nikishafunga kazi ya ufundi kompyuta hapa Chikongola, naandika intro kwa asembli, lugha inayoandika amri za prosesa moja kwa moja: programu ndogo mno inayochora picha, pengine na muziki, ndani ya kikomo cha ukubwa kilichokubaliwa. Kuna kilobaiti 64, kuna kilobaiti 4, na kuna baiti 256, ninazozipenda kuliko zote. Wanaoifanya sanaa hii wanaiita demosini. Kila Pasaka hukutana Ujerumani kwenye shindano la Revision, na mwaka 2020 Ufini iliiingiza sanaa hii kwenye orodha ya urithi hai wa taifa lake.

Mwalimu wangu mmoja wa chuo aliniambia napoteza muda, kwamba kompyuta za siku hizi zina nafasi ya kumwaga. Sikukubali siku ile, na leo nakataa waziwazi. Kwangu mimi, hapa ndipo kijana wa Mtwara anapopaswa kuanzia kujifunza programu.

Tazama. Kwenye DOS, mfumo wa zamani wa kuendeshea kompyuta, faili la COM, aina ndogo ya programu, halina utangulizi wowote. Linapakiwa kama lilivyo, na prosesa inaanza na baiti ya kwanza. Ukitaka skrini ya pikseli 320 kwa 200 yenye rangi 256, unaweka 13h (h ni alama ya heksa, namba za msingi wa 16) kwenye rejista, kijisanduku cha namba ndani ya prosesa, na kuita int 10h, huduma ya skrini ya kompyuta. Anayeanza ataandika mov ax,13h, baiti 3. Lakini kwa kawaida rejista AX huanza ikiwa sifuri, kwa hiyo mov al,13h, inayojaza nusu yake ya chini, inatosha: baiti 2. Kisha rejista nyingine, ES, ielekezwe kwenye kumbukumbu ya skrini, A000h. Kwa amri za push na pop utatumia baiti 4. Waliotutangulia wakagundua kwamba DOS yenyewe huacha, baiti mbili tu kutoka mwanzo wa segimenti (eneo la kumbukumbu) ya programu yako, namba inayoonyesha kumbukumbu inaishia wapi, na mara nyingi namba hiyo ni 9FFFh. Hatua moja tu, yaani baiti 16, kabla ya skrini! Rejista BX ikiwa sifuri, les bp,[bx] inaiokota kwa baiti 2. Picha inasogea pikseli 16, basi. Usiku nilioielewa hiyo sikupata usingizi.

Baada ya hapo unazidisha anwani ya pikseli kwa CCCDh, unapata mstari na safu kwa mpigo mmoja, unavikutanisha kwa xor, amri inayolinganisha biti za namba mbili, unaandika rangi, unarudia. Jumla baiti 18, na skrini nzima inajaa miraba ndani ya miraba, kama mkeka wa ukindu.

Haikudai mashine mpya. Haikudai bando. Ilidai ujue kila rejista ina nini kila wakati, na hilo ndilo vijana wetu hawalipati wanapofundishwa kompyuta kwa kubofya peke yake. Nalisema kwa uchungu, maana kompyuta kuukuu ninazoletewa zitupwe zingeweza kufundishia kazi hii.

Baiti 18 kwa heksa ni herufi 36, na meseji ya kawaida inabeba 160. Mwezi uliopita nilimtumia mtoto wa shangazi yangu, kidato cha tatu, Newala. Akaziingiza moja moja kwa debug, programu ndogo ya kuandika baiti kwenye kumbukumbu, kwenye kompyuta ya zamani yenye Windows XP. Saa tatu usiku akajibu: "Shikamoo kaka. Mkeka umetokea."

Dakika kama ishirini baadaye simu ikalia tena. "Kaka, nimetoa xor nikaweka and. Baiti zilezile 18. Jaribu uone."

Nikawasha mashine, nikabadilisha. Pembetatu ndani ya pembetatu, skrini nzima.