Maji Maji: vita moja au vita vingi?

Kwa Gavana Götzen, aliyeitawala Afrika Mashariki ya Kijerumani vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilipolipuka Julai 1905, waganga ndio waliowarubuni watu kwa dawa ya maji, iliyodaiwa kuzigeuza risasi kuwa maji. Maelezo hayo yalimfaa sana. Chanzo kikiwa ni ushirikina, pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko vya maakida, wale watawala wadogo waliowekwa na Wajerumani, havina kesi ya kujibu.

Mwaka 1956, mbele ya Umoja wa Mataifa, Nyerere aliigeuza hadithi hiyo: watu walipigana kwa sababu hawakutambua haki ya mgeni kuwatawala. Wanahistoria wa Dar es Salaam, hasa Gwassa na Iliffe, wakaitafutia hoja hiyo ushahidi. Mwaka 1968 wanafunzi walikwenda vijijini kuwahoji wazee walioikumbuka vita. Kinjikitile, mganga wa Ngarambe ambaye Wajerumani walimwita mchawi, akawa kiongozi aliyewaunganisha watu wa makabila mbalimbali kwa imani ya maji.

Mkondo wa wanahistoria uliofuata ukauliza: umoja gani huo, ikiwa Wahehe wengi walipigana upande wa Wajerumani? Thaddeus Sunseri, akichunguza Uzaramo, aliona njaa, wanaume walioondoka kwenda vibaruani, na wanawake walioachwa na mashamba yanayoliwa na nguruwe pori kwa kuwa sheria zilibana uwindaji. Jamie Monson naye aliona uhasama na mapatano ya watawala wa kusini yaliyokuwepo kabla ya Mjerumani kufika.

Kuhusu umoja, nakubaliana na wakosoaji: uliongezwa chumvi, na TANU, chama cha Nyerere kilichodai uhuru, ilihitaji babu. Lakini na wao wana mtego wao. Kila eneo likipewa ugomvi wake, Mjerumani anabaki jirani mmoja tu kati ya majirani wagomvi. Tusisahau kwamba ni serikali moja iliyochoma vyakula toka Umatumbi hadi Ungoni. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 hadi 300,000, na wengi waliuawa na njaa. Njaa hiyo haikuuliza nani alikunywa maji na nani hakunywa.

Halafu kuna jambo ambalo wakosoaji hulitaja kwa sauti ya chini: sehemu ya ushahidi wao imetoka kwenye mahojiano yale yale ya 1968. Wanafunzi walikwenda na swali la taifa, wakaandika pia majibu ambayo hawakuwa na kazi nayo. Wangesubiri hadi swali la nguruwe na wanawake lizaliwe, wasingemkuta mzee wa kumuuliza.