Kazi ya kwanza katika ushauri elekezi: nani atakusahihisha?

Mhitimu akipata nafasi ya mchambuzi katika kampuni ya ushauri elekezi, yaani inayolipwa kushauri biashara na taasisi, husikia maneno ya aina mbili kabla hajaripoti kazini. Wapo wanaomwambia ameula, kwamba miaka miwili au mitatu ya kazi hiyo itamfungulia milango mingine yote. Wapo pia wanaomuuliza, kwa nia njema kabisa, kijana aliyetoka chuoni juzi atamshauri nini mtu aliyeendesha kiwanda kwa miaka 20. Swali hili la pili lina uzito zaidi, na ndilo linalostahili kujibiwa kwanza.

Ukweli ni kwamba mchambuzi mpya hashauri. Anaunganisha takwimu za mauzo kutoka mifumo mitatu isiyolingana, anawapigia simu wateja wa mteja, anaandika yanayosemwa kwenye mahojiano, anajenga hesabu kwenye Excel na kutengeneza slaidi. Ushauri wenyewe hutolewa na mbia wa kampuni, ambaye huenda amezifahamu biashara za namna hiyo kwa miaka mingi. Kwa maana hiyo mwenye kiwanda hashauriwi na kijana. Hata hivyo, shaka yake haijaisha hapo. Namba aliyoipata kijana usiku wa manane inapanda ngazi hadi kwenye uamuzi wa bodi. Akikosea gharama ya usafirishaji ya tawi moja, tawi hilo linaweza kuonekana linakula hasara wakati linaleta faida, na watakaopoteza ajira hawatajua kamwe kosa lilianzia wapi. Anayeingia kwenye kazi hii alijue hilo tangu siku ya kwanza.

Kwa nini basi kampuni hizi zinawataka wasio na uzoefu? Zamani haikuwa hivyo. Kampuni ya Arthur D. Little, iliyoanza mwaka 1886, ilijengwa juu ya kazi ya wanakemia na wahandisi. James McKinsey, profesa wa uhasibu wa Chuo Kikuu cha Chicago, alianzisha kampuni yake mwaka 1926, na katika miongo yake ya mwanzo ilitegemea zaidi watu waliokwisha kufanya kazi kwingine. Katika miaka ya 1950, chini ya Marvin Bower, McKinsey ilianza kuajiri vijana moja kwa moja kutoka shule ya biashara ya Harvard. Boston Consulting Group iliyoanza mwaka 1963 na Bain iliyofuata mwaka 1973 nazo zikajengwa juu ya vijana wa aina hiyo.

Vijana wenye akili wanajifunza haraka, hilo halina ubishi. Lakini ipo pia hesabu ya biashara. Mteja hulipia timu nzima, na malipo yanayotozwa kwa kazi ya mchambuzi huzidi sana mshahara wake. Tofauti hiyo ndiyo inayolipia ofisi, mafunzo na mapato ya wabia. Mbia mmoja akiwa na mameneja kadhaa, na kila meneja akiwa na wachambuzi wake, hesabu inakubali. Wote wakitaka kuwa wabia, inagoma. Ndiyo maana kampuni nyingi zina utaratibu wa kupanda cheo au kuondoka. Kijana anayeambiwa baada ya miaka miwili au mitatu atafute pengine mara nyingi huichukulia kama hukumu juu ya akili yake, akaumia kwa muda mrefu. Kwa sehemu kubwa ni hesabu iliyokuwepo kabla hajasaini mkataba, na ningependa kila mhitimu aelezwe hivyo waziwazi mapema.

Sasa faida. Mshahara ni mzuri katika kampuni kubwa, na jina kwenye wasifu lina nguvu. Sitaki kulidharau jina. Kwa kijana ambaye ukoo wake haujulikani popote na chuo chake hakitajwi na waajiri, jina la kampuni linaweza kufanya kazi ambayo vyeti peke yake visingeifanya. Ila kwa maoni yangu faida kubwa kuliko zote ni kusahihishwa. Kazi chache sana zina mtu mwenye uzoefu anayesoma ukurasa wako mstari kwa mstari, akaurudisha umejaa alama, kisha akausoma tena kesho yake.

Chuoni tumezoea kuanza na utangulizi, kufuatisha maandiko ya wengine, kisha takwimu, na jibu kuliweka mwisho. Katika miaka ya 1960 Barbara Minto, akiwa McKinsey, alianza kujenga mafundisho ya utaratibu ulio kinyume chake: jibu kwanza, kisha sababu zinazolibeba, kisha ushahidi wa kila sababu. Ukisikia hivyo unaona ni jambo dogo. Mpe mchambuzi mpya nafasi ya kulitekeleza, utaona linavyomtesa. Ataleta slaidi yenye kichwa "Mauzo kwa kanda, miaka mitano", na meneja atamuuliza: kwa hiyo? Atarudi na "Mauzo yameshuka kwa asilimia fulani." Kwa hiyo? Atakaporudi mara ya tatu ameandika kwamba mauzo yameshuka kwa sababu wateja wawili wakubwa wameondoka, na kwamba bei haihusiki, hapo amefikiri. Huko njiani atakuwa amejifunza pia kulinganisha jumla yake na vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa, kuangalia kama tarakimu ziko katika maelfu au mamilioni, na kusema "sijui, nitakuletea kesho" mbele ya mkurugenzi bila kubahatisha. Tabia hizi hazimwachi mtu hata akihamia hospitali, benki au shamba.

Gharama inayotajwa sana ni saa nyingi, safari na usingizi mchache. Ni ya kweli, na mwenye mtoto mchanga au mzazi mgonjwa wa kumuuguza aipime kwa makini kabla ya kukubali. Lakini ipo gharama nyingine isiyosemwa vya kutosha: mshauri haoni mwisho wa kazi yake. Mradi wa mkakati huchukua wiki au miezi michache. Ripoti inawasilishwa, timu inahamia kwa mteja mwingine, na kama ghala jipya lilipunguza gharama au liliziongeza, mchambuzi huenda asisikie kamwe. Mwenzake aliyeajiriwa kiwandani akipanga zamu vibaya mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu anavuna alichopanda, tena mbele ya wafanyakazi aliowapangia. Ni mafunzo machungu, na sijaona kinachoweza kuyachukua nafasi. Baada ya miaka minne mshauri anaweza kuzungumza vizuri juu ya sekta kumi huku hajawahi kumshawishi dereva mmoja anayekataa ratiba mpya.

Si miradi yote iko hivyo. Wanaosimika mifumo ya kompyuta au kusimamia utekelezaji hukaa na mteja mwaka mzima au zaidi, na baadhi ya kampuni ndogo hurudi kwa mteja yuleyule miaka nenda miaka rudi. Hao wanaona matokeo. Mhitimu anayepuuza nafasi za aina hiyo kwa kuwa hazina mng'aro wa mkakati anajinyima.

Kuna pia suala la dhamiri, na hapa siko tayari kulainisha maneno. Februari 2021 McKinsey ilikubali kulipa dola milioni 573 ili kumaliza madai ya majimbo mengi ya Marekani kuhusu ushauri wake kwa watengenezaji wa dawa za kutuliza maumivu aina ya opioidi, ikiwemo Purdue Pharma. Desemba 2024 ikakubali kulipa dola milioni 650 kwa serikali ya shirikisho kuhusu kazi yake kwa Purdue hiyohiyo. Mchambuzi wa mwaka wa kwanza hachagui wateja, lakini slaidi zinapita mikononi mwake. Kwenye usaili aulize kama mtu anaruhusiwa kukataa mradi, na aulize hasa nini kilimpata wa mwisho aliyekataa.

Hoja yangu ya kusahihishwa sasa inatikiswa na akili mnemba. Kazi za kukusanya, kufupisha na kuandika rasimu ya kwanza ndizo mashine inazozimudu upesi. McKinsey yenyewe ilitangaza mwaka 2023 chombo chake kiitwacho Lilli, kinachopekua hazina ya nyaraka zake na kuzifupisha. Wapo wanaosema ni nafuu, kwa kuwa kijana ataondokewa na kazi za kuchosha na kufikia fikra mapema. Natamani iwe hivyo. Wasiwasi wangu ni kwamba uwezo wa kufikiri ulikuwa unajengwa ndani ya kazi hizohizo za kuchosha. Aliyehangaika kuoanisha mifumo mitatu ya mauzo ndiye anayeshtuka namba isiyowezekana ikipita mbele yake. Rasimu ikitoka kwenye mashine na meneja akairekebisha mwenyewe kwa dakika tano, kijana aliyekaa katikati amesahihishwa wapi?

Kwa hiyo maswali ya usaili nisingeyaelekeza kwa mbia anayeisifu kampuni yake. Ningemtafuta mchambuzi wa mwaka wa pili na kumuuliza: kazi yako ya mwisho iliyorudishwa ilirudishwa na nani, na alisema nini? Meneja wako ana watu wangapi? Ukikosa mradi, ukakaa benchi, unafanya nini? Ulianza lini kuzungumza na mteja mwenyewe? Akijibu kwa mifano, kampuni inafundisha. Akijibu kwa kutaja kozi za mtandaoni, ningesita. Na kama ningelazimika kuchagua, ningechukua kampuni ndogo ambayo mbia wake anasoma kurasa zako, nikaacha ile kubwa ambamo mwaka mzima unapita unajaza violezo. Mwenye madeni ya masomo au wadogo wa kusomesha anaweza kuchagua vingine, na ana haki.

Akishaanza, aangalie kurasa zinazorudi. Ikipita miezi sita bila ukurasa kurudishwa, ama amefikia hatua ya kuwasahihisha wengine, ama hakuna anayezisoma. Ikiwa hakuna anayezisoma, aombe mradi wa utekelezaji, na akinyimwa atafute kiti ndani ya mojawapo ya taasisi alizozishauri, abaki hapo hadi matokeo ya uamuzi aliousaidia yatokee.