Mkasi Uko Wapi?

Kosa la kwanza lilikuwa la mdomo. Wifi yangu aliposema anasafiri na anatafuta mkoba wa kubebea kompyuta, mimi, ambaye maisha yangu yote nimeshona foronya nne, nikadakia: "Usinunue, wifi. Nitakushonea wa viraka, wenye sponji ndani." Alinipa wiki tatu. Wiki zenyewe sijui zilipita njia gani, maana nilipoketi kwenye cherehani ilikuwa saa kumi jioni, na ndege yake ilikuwa kesho yake saa nne asubuhi.

Kukata nilikata vizuri, nisijidhulumu. Vipande 32 vya inchi nne kwa nne, 16 kwa kila uso wa mkoba. Nne mara nne, inchi 16; kompyuta ina upana wa inchi 14 na robo, nafasi tele. Nikaunga, nikapiga pasi, nikapima: 14 na nusu. Nikatafuta futi nyingine, labda ile ya kwanza imevutika. Kumbe kila mshono unakula robo inchi huku na robo inchi kule, na mishono mitatu ya katikati ilishashiba inchi moja na nusu. Ya ubavuni bado ilikuwa na njaa. Nikaongeza ukanda wa zambarau kila upande, nikajiambia ndiyo fasheni.

Ikaja zamu ya kushona matabaka matatu kwa pamoja: viraka juu, sponji katikati, kitambaa cha nyuma chini. Sindano namba 11 iliingia mara moja, ikalia "tak", nusu yake ikaruka nisijue ilikokwenda. Nikaweka namba 16, nene zaidi. Ikatembea kwa raha hadi nikaanza kuimba, na niliimba mistari miwili mizima kabla sijagundua kwamba uzi wa chini, ule wa bobini, umeisha zamani na ninatoboa matundu tu.

Saa sita usiku mume wangu alipita kunywa maji. "Lakini si ungemnunulia tu?"

Nilikuwa na pini nne mdomoni. Ndizo zilizomwokoa.

Sasa, kwa asiyejua, mkoba wenye bitana, yaani kitambaa cha ndani, hushonwa kinyumenyume. Unauingiza mkoba wa nje ndani ya bitana, uso kwa uso, mishikio ikiwa imebanwa katikati, kisha unashona mdomo wote mzunguko. Halafu unaupindua kupitia tundu uliloliacha chini ya bitana. Ulilo-li-a-cha. Wahenga walituasa tuzibe ufa, nami ni mtoto msikivu: niliushona chini ya bitana toka kona hadi kona. Saa tisa usiku nikawa nimeshika mto mnene usio na mlango, viraka vyangu vyote vikiwa ndani, navyo havioni hata mwanga.

Nikachukua mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi, nikafumua chini ya bitana mshono mmoja mmoja, mpaka likapatikana tundu la kupitisha kiganja. Nikazamisha mkono, nikashika kona, nikavuta. Haikuja. Nikaubana mkoba kwa magoti, nikavuta kama mkunga. Kikatoka kiraka cha maua, kikafuata cha mistari, mara mshikio mmoja, mara mwingine, na wa pili ulikuwa umejipinda. Nikauacha na kupinda kwake. Nikaziba tundu, nikalipiga mshono mara tatu lisije likaachia safarini, nikapiga pasi. Ulipendeza, wallahi. Ukiutazama ukiwa mbali kidogo, na taa si kali.

Ila mkasi sikuuona. Nilitafuta chini ya cherehani, kwenye kapu la vitambaa, hata kichwani, maana huwa nauchomeka kwenye nywele. Nikamwamsha mume wangu na kumhoji. Akaapa hajaugusa, akageukia ukutani. Nikalala nikiwa bado namshuku.

Saa kumi na mbili wifi alipita na teksi, akaukumbatia mkoba, akanikumbatia mimi, akaondoka. Saa mbili simu ikaita.

"Wifi, huu mkoba umewekwa pembeni. Wanasema una mkasi."

"Alhamdulillahi!" nikapiga kelele. "Umepatikana!"

Kimya kidogo. "Haujapatikana. Unaonekana kwenye mashine tu. Wametoa kompyuta, wametoa chaja, wametoa mpaka kitana. Mkoba mtupu, lakini ukipita tu, mkasi huo hapo kwenye kioo, umelala na midomo wazi."

Nikakumbuka magoti yangu, kule kuvuta, na kile kitu baridi kilichonigusa kiganja nikadhani ni pini.

"Upo kati ya bitana na sponji," nikasema kwa sauti ndogo.

"Wanataka kufumua. Waanzie wapi?"

"Chini ya bitana, katikati. Ila, wifi… nimepashona mara tatu."

Nikamsikia akimweleza mtu. Kisha sauti nzito ya kiume ikaigeukia foleni nzima ya abiria ambao ndiyo kwanza wamenyang'anywa kila chenye makali, ikauliza kama kuna mwenye kitu chochote cha kukatia uzi.